Namba Hii ni ya Nani?

Jana binti yangu alikuwa kwenye kompyuta, anamjazia kijana mmoja maombi ya chuo, na baba wa kijana amesimama pembeni kakumbatia bahasha ya vyeti. Walipofika penye namba ya simu, yule baba akaanza kutaja yake. Nikamkatiza kutoka kwenye mashine ya fotokopi: "Namba hiyo ni ya nani? Mwombaji mwenyewe hana simu?" Akaduwaa. Walipoondoka binti yangu akaniuliza, "Mama, mambo yote unawavumilia wateja. Kwa nini kwenye namba unakuwa mkali hivyo?"

Sikumjibu. Nilijitia kupanga karatasi kwenye printa, lakini mawazo yalikuwa yameshafika Deep Sea, diko la wavuvi hapa Tanga, jioni ile ya mwaka 2019.

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka mwezi wa saba, shemeji, mume wa dada yangu, alikuja dukani na binti yake. CBG, yaani kemia, biolojia na jiografia, alama nzuri tu za kumpeleka chuo. Shemeji akaegemea kaunta, akasema, "Andika ualimu." Mwalimu wa sayansi ana mshahara, na alikuwa amesikia kwamba mikopo inawaangalia wao kwanza. Halafu akaongeza, "Bahari naijua mimi, shemeji. Haina kiinua mgongo."

Hakuna aliyekuwa ametaja bahari. Ndipo nilipojua kwamba nyumbani wameshabishana.

Akaniachia shilingi elfu ishirini, elfu kumi kwa kila chuo, akaenda kutafuta nyuzi za kushonea nyavu. Binti akanitazama. Hakuomba kitu, alinitazama tu. Nikajaza Dodoma, elimu ya sayansi. Nikajaza Dar es Salaam, sayansi za majini na uvuvi. Baba yake aliporudi nikamwambia, "Tumeweka na cha pili, cha akiba." Hakuuliza cha pili ni kipi, nami sikumwambia. Namba ya simu niliandika yake yeye shemeji, kwa kuwa mtoto hakuwa na simu na sikuona shida.

Ya mkopo siyasimulii, mliopita huko mnayajua: elfu thelathini ya Bodi, cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, mwenyekiti wa mtaa hayupo, wakili anakula, rudini kesho. Tulimaliza.

Mwezi wa nane majina yakatoka. Kachaguliwa kote kuwili. Anayechaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe mfupi kwenye simu aliyoombea, tena ndani ya siku chache. Simu hiyo ilikuwa Moa, mbali huko pwani. Shemeji alikuwa ameenda dago, kambi ya wavuvi, na kila tukipiga, mteja hapatikani. Siku ya kwanza tulicheka. Siku ya tatu dada yangu akaanza kulia jikoni akisingizia moshi. Siku ya mwisho, ambayo saa sita usiku ndiyo dirisha linafungwa, mtu akatuletea habari kwamba chombo chao kimeonekana kinarudi.

Tulifika diko alasiri. Kusi ilikuwa inavuma, mchanga unapiga miguuni kama pilipili. Binti alivaa baibui lake la sherehe, sijui kwa nini, na alisimama mbele kabisa hadi maji yakamfikia ndala. Vyombo vikaingia kimoja kimoja, na kila kimoja tukidhani ndicho. Walipotokea wao, jua lilikuwa limebaki kidole. Shemeji akashuka, maji ya kiuno, ameinua juu ya kichwa kopo jeupe la plastiki lenye kifuniko. Nililijua lile kopo. Humo anaweka simu, kiberiti na msokoto wa tumbaku.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba, baba. Simu."

Simu ilikuwa imezima. Chaji iliisha siku ya pili tu. Tukaenda kwa mama anayekaanga samaki, ambaye ana waya wa kuchajia, tukakaa kwenye benchi lake wote wanne kama watu wanaosubiri majibu hospitali. Ilipowaka, ujumbe ukaanza kuingia: vocha, bahati nasibu, mtu anadai pesa zake, vocha tena. Kisha ule wenyewe. Shemeji hakumpa mtu simu. Aliishika mbali na uso, maana miwani iko nyumbani, akauangalia muda mrefu.

"Hii namba inafungua chuo gani?"

Mimi nilikuwa na simu yangu mkononi, akaunti ya Dar es Salaam imeshafunguka, kisanduku kitupu kinasubiri. Ningeweza kusema lolote. Nilishasema uongo mmoja kaunta, wa pili ungekuwa mwepesi zaidi. Dada yangu aliangalia mafuta yanavyochemka.

Binti akasema, "Cha bahari, baba."

Akanyamaza yule mzee. Upepo ukapeperusha majivu ya jiko. Nikahesabu samaki kwenye karai, walikuwa saba.

"Nani alikuambia habari za bahari?"

"Wewe." Sauti ilimtetemeka lakini hakuinama. "Ulinibeba begani kuja kumwona silikanti."

Nilikuwa nimesahau. Miaka ile ya 2004, 2005, wavuvi wetu walipoanza kumnasa kwenye majarife ya papa, samaki mkubwa wa samawati mwenye madoa meupe, mapezi ya nyama kama vikono vya mtoto. Hakuna aliyemtaka, ana mafuta hata haliki. Baadaye wakaja wataalamu na kamera, tukaambiwa kwamba dunia iliamini samaki huyo alishatoweka tangu enzi za dinosaria, mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa jina lake, huku Tanga. Shemeji alimwinua mwanawe wa miaka mitano aone vizuri, akamwambia, huyu ni mzee kuliko watu wote. Mtoto alikuwa ameyashika maneno hayo miaka yote kumi na minne.

Shemeji akajifuta chumvi usoni kwa mkono wa shati. Kisha akaisogeza simu mbali tena na kuanza kusoma, tarakimu moja moja, kwa sauti ya mtu anayehesabu vikapu mnadani. Penye sifuri alisita, akasema nane, akasema hapana, sifuri. Mimi naandika. Alipomaliza akauliza, "Mmemaliza?" Tukasema ndiyo. Akainuka kwenda kugawana samaki na wenzake. Hakugeuka nyuma.

Binti alihitimu mwaka 2022. Ajira ya kudumu mpaka leo hajapata, anajitolea huku na huku, anatuma maombi. Wenzake wawili watatu waliosoma ualimu wanafundisha, na wengine nao wako nyumbani. Shemeji hajawahi kunilaumu. Mara nyingine natamani angenilaumu, ili nimwombe radhi ya ile "akiba".

Na hii namba ninayoikalia kooni kwa wateja, mwenyewe sina hakika nayo. Ningeandika namba yangu, tungethibitisha usiku ule ule chumbani, na baba angekuta mambo yamekwisha. Lile benchi lisingekuwapo.

Namba haikubadilishwa miaka mitatu yote. Ujumbe wa chuo, wa usajili, wa mkopo, vyote viliingia kwenye lile kopo. Akitoka baharini alikuwa anapitia dukani na harufu yake ya dagaa, anaweka simu kaunta: "Shemeji, chuo kimeniandikia." Namsomea, anatikisa kichwa, anaenda.

Mwezi uliopita alinipa hiyo simu nimfutie ujumbe, imejaa, haipokei tena. Nikaanza na vocha na bahati nasibu.

"Hizo futa," akasema. "Za chuo ziache."