Boneti ya faiba iliyokuwa ikitikisika: jinsi nilivyoitatua

Gari likifika kilomita 80 kwa saa, boneti ya faiba (plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo) ilianza kupigapiga, na rangi ikapasuka kama utando wa buibui kuzunguka ndoano ya loki. Chanzo: bolti zilikamata ngozi ya faiba tupu, bila chuma ndani. Vishokapu vya gesi vinavyoinua boneti navyo, vilivyopimwa kwa boneti nzito ya bati, viliikunja kila ilipofungwa. Hivyo nilivitoa, nikarudisha fimbo ya kuishikilia ikiwa wazi.

Upande wa ndani nilikwangua kwa msasa namba 80, nikafuta kwa asetoni, nikalaza bamba la alumini la milimita 3, kisha matabaka matatu ya mkeka wa faiba kwa gundi ya epoksi. Bolti zilifuata kesho yake, pamoja na washa (vipete bapa vya chuma) pana.

Pini mbili za kufungia boneti kwa nje niliziongeza mbele, lakini loki ya asili na kishikio chake cha usalama vilibaki. Pini peke yake sizipendi barabarani: ukisahau moja, upepo unafanya kazi yake.

Uingereza, boneti isiyofunga imara huangusha gari kwenye MOT, ukaguzi wa lazima wa usalama wa magari. Kingo zilizochongoka zilainishe pia. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 26, inayohusu sehemu zinazojitokeza nje ya gari, inataka nusu kipenyo cha angalau milimita 2.5.