Kibao cha "Mbwa Mkali" hakimkingi mwenye mbwa

Kibao cha "Mbwa Mkali", ambacho hapa Nairobi hakikosekani kwenye malango mengi kuanzia Lang'ata hadi Kileleshwa, wengi wetu hukichukulia kama kinga: mgeni ameonywa, basi akiumwa ni shauri yake. Mimi naona kinaweza kumgeukia aliyekitundika. Katika madai ya fidia, sheria tuliyorithi kutoka Uingereza humwajibisha mwenye mbwa aliyejua kwamba mnyama wake ana tabia ya kushambulia watu, na ni vigumu kukana kujua jambo ulilolipaka rangi nyekundu langoni pako.

Zaidi ya fidia kuna jinai. Kifungu cha 243 cha Kanuni ya Adhabu kinamhusu pia mtu anayepuuza kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutokana na mnyama aliye mikononi mwake. Lango lililoachwa wazi saa za watoto kutoka shule, kwa maoni yangu, ni mfano halisi wa upuuzaji huo (na kumsingizia bawabu hakutoshi).

Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini bila kuchelewa kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Halafu apige ripoti polisi, apewe nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) na fomu ya P3, ile ya polisi ya kuthibitisha majeraha, ijazwe na daktari, na ahifadhi risiti zote, kwa kuwa kesi ya madai ya aina hii hufunguliwa ndani ya miaka 3.