Siku Tatu Kwenye Changarawe ya Morvan

Mama aliponipigia simu Alhamisi jioni nilikuwa nimeigeuza baiskeli miguu juu sebuleni, nikiupaka mnyororo mafuta. Nilipomweleza kwamba kesho yake ninakwenda kuendesha siku tatu kwenye barabara za changarawe, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, kwani Ufaransa nako lami haijawafikia?" Swali hilo lilinichekesha, lakini nimelibeba njia nzima. Kwetu Mafinga, Tanzania, changarawe ni ahadi ya diwani. Ndiyo hatua inayokuja baada ya tope na kabla ya lami, na sijapata kumwona mtu akiiacha lami kwa hiari yake ili aifuate changarawe. Huku nimekuwa mmoja wa wanaonunua baiskeli maalumu, yenye usukani uliopinda kama wa baiskeli ya mashindano na tairi zenye upana wa milimita 40 na zaidi, kwa kusudi hilo hilo la kuikwepa lami.

Morvan ni eneo la vilima vya mwamba wa itale lililo katikati ya Bourgogne, eneo la mashariki mwa Ufaransa, magharibi ya mji wa Dijon ninakoishi, nalo limekuwa hifadhi ya mazingira ya kimkoa tangu mwaka 1970. Kilele chake cha juu, Haut-Folin, kina mita 901 tu, na mji wetu wa Mafinga uko juu karibu mara mbili ya hapo, kwa hiyo nilianza safari yangu ya kwanza huko, miaka mitatu iliyopita, kwa dharau kidogo. Dharau hiyo iliniisha kabla ya saa sita mchana. Morvan haina mlima mmoja wa kukutisha, ila haina tambarare pia. Unateremka hadi kijito, unapanda, unateremka tena, na jioni ukijumlisha mipando yote unakuta umepanda mlima wa kweli.

Safari hii nilishuka treni Avallon, mji ambao pia ndio mwanzo wa njia ndefu ya baiskeli za milimani inayolivuka eneo la Massif Central, nyanda za milima za katikati ya Ufaransa, hadi bahari ya Mediterania, zaidi ya kilomita 1,300. Mimi nilifuata alama zake kwa vipande tu, kwa kuwa nilikuwa nimeichora njia yangu mwenyewe kwa kuilinganisha ramani ya karatasi ya 1:25,000 na picha za setilaiti. Kazi hiyo huchukua jioni nyingi, na ukweli ni kwamba naipenda karibu sawa na kuendesha kwenyewe. Hata hivyo mstari kwenye ramani si ruhusa. Njia ya kijiji, ambayo Wafaransa huiita *chemin rural*, ni mali ya kata lakini iko wazi kwa umma, ilhali njia ya mashambani inayofanana nayo kabisa huweza kuwa ya wenye mashamba, nao wana haki ya kuifunga.

Siku ya kwanza ilikuwa ya malisho, ng'ombe weupe wa Charolais na nyua za miti zilizofunga njia pande zote mbili. Quarré-les-Tombes nilisimama kuyatazama majeneza ya mawe yaliyolizunguka kanisa, zaidi ya mia moja, kisha nikaenda makaburini kujaza maji. Haya nayajua kutoka kwa waendesha baiskeli wenzangu: karibu kila makaburi ya kijiji cha Ufaransa yana bomba, kwa ajili ya watu wanaomwagilia maua, nalo humwokoa msafiri pale ambapo duka la mwisho lilifungwa miaka mingi iliyopita. Huwa naingia nimevua kofia na kutoa salamu. Sijui kama ndiyo adabu ya huku, lakini siwezi kuchota maji kwa wenyewe bila kubisha hodi.

Siku ya pili ndiyo iliyonifanya niandike. Nilifika asubuhi kwenye ziwa la Settons, ambalo unaweza kulizunguka kwa njia ya takriban kilomita 15, chini ya miti, maji yakimetameta kushoto kwako. Watu walikuwa wakikodi mitumbwi ya kukanyaga. Kwa miaka mitatu nimeliita ziwa zuri bila kujiuliza lilitoka wapi, mpaka nilipoketi kwenye ukuta wake na kusoma maandishi yaliyobandikwa hapo. Settons ni bwawa, lililojengwa katikati ya karne ya 19 kwa ajili ya kuni. Kuanzia karne ya 16 Paris ilikuwa ikiota moto kwa kuni za Morvan. Wakulima walikata miti wakati wa baridi, wakayagonga magogo alama ya mwenye mali, wakayatupa katika vijito; kisha maji yaliyofungiwa kwenye mabwawa yakafunguliwa kwa mkupuo ili yayasombe hadi Clamecy. Hapo yalitolewa mtoni, yakapangwa kwa alama zake, yakafungwa kuwa machelezo marefu ambayo wanaume waliyaongoza kwa pondo kwenye mto Yonne na baadaye Seine mpaka mjini. Makaa ya mawe na reli ndivyo vilivyoiua kazi hiyo.

Na kuni hazikuondoka peke yake. Katika karne hiyo hiyo ya 19 wanawake wa Morvan walikwenda Paris kunyonyesha watoto wa matajiri, wakiwaacha wa kwao kwa bibi zao, na nyumba zilizojengwa kwa mishahara yao bado huitwa nyumba za maziwa. Nilipopita nyumba za mawe zenye madirisha makubwa, niliwafikiria mabinti wa kwetu wanaolea watoto Muscat na kutuma fedha za mabati.

Baada ya Settons sikuweza tena kuiona changarawe kama nilivyokuwa nikiiona. Ile barabara pana ya msituni niliyoifurahia kuliko zote, iliyoshindiliwa vizuri kiasi kwamba tairi zilikuwa zikiimba juu yake, haikuwekwa kwa ajili yangu. Ni barabara ya malori ya magogo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali iligharimia upandaji wa misonobari, hasa ile iitwayo douglas yenye asili ya Amerika, na leo takriban nusu ya msitu wa Morvan ni miti ya namna hiyo, imesimama kwa safu kama wanafunzi mstarini. Kuna wakazi waliochanga fedha kununua vipande vya msitu wa zamani wa mialoni ili visifyekwe. Nami nimezaliwa kando ya shamba la miti la Sao Hill, kwa hiyo harufu ya utomvu wa miti iliyokatwa karibuni ni harufu ya utoto wangu, na sikujua kama niwaunge mkono au nione haya.

Siku ya tatu msitu ulinijibu kwa namna yake. Nikielekea Haut-Folin, ile njia niliyoichora kwa uangalifu iliishia kwenye uwanda wa visiki. Mlima mzima ulikuwa umenyolewa, matawi yamelala hadi magotini, na mahali palipokuwa na njia pamebaki mifereji miwili ya mashine iliyojaa maji. Mzee mmoja aliyekuwa akipanga kuni kando ya trekta alinitazama nikihangaika, kisha akasema taratibu, "Bwana, njia hiyo haipo tena." Niliibeba baiskeli begani kwa muda wa saa moja hivi, nikaanguka mara mbili, na fimbo kavu ikachana tairi ya nyuma kwa mpasuko ambao ule utomvu wa kuziba matundu haukuuweza. Nilishona kwa uzi na sindano, nikatia tyubu, nikaendelea kwa upepo mdogo.

Kwa sababu hiyo sikupanda Mont Beuvray, palipokuwa na Bibracte, mji wa Wagalia, wenyeji wa kale wa Ufaransa waliopigana na Warumi, ambako Vercingetorix alithibitishwa kuwa kiongozi wao mwaka 52 kabla ya Kristo. Nilichofanikiwa kufika ni chanzo cha mto Yonne, karibu na Glux-en-Glenne. Ni maji machache yanayochirizika kwenye majani na tope, ambayo ungeyaruka bila kukunja goti. Nilinawa damu ya kiwiko hapo, nikateremka polepole hadi stesheni ya Étang-sur-Arroux.

Nikiwa kwenye treni nilimpigia Mama na kumweleza yote, magogo, bwawa, malori na visiki. Alisikiliza mpaka mwisho. "Sasa hizo si barabara kama za Sao Hill?" akasema. "Ungekuja tu nyumbani, ungeendesha bila nauli ya treni."