Ngomo kwa lazima: Bukavu hadi Uvira wakati mpaka umefungwa

Kabla ya Machi 2020, mtu wa Bukavu aliyekwenda Uvira alianza safari yake kwa kutoka nje ya nchi. Ndiyo njia tuliyoizoea: unashuka Nguba, unavuka daraja la Ruzizi ya kwanza kwa lesepase ya CEPGL, kibali cha jumuiya ya nchi za Maziwa Makuu, au kwa jeto, kibali kidogo cha mpakani, unapanda gari upande wa Kamembe, Rwanda, unateremka kwenye lami safi mpaka Bugarama, kisha unauvuka mto kwa mara ya pili na kuingia Kamanyola, Kongo tena. Unapanga foleni mara nne, lakini mgongo unafika mzima. Rwanda ilipofunga mipaka yake kwa sababu ya korona tarehe 21 Machi 2020, njia hiyo ilikatika, na haikufunguka mpaka tarehe 7 Machi 2022. Kwa karibu miaka miwili kila mwenye ndugu Uvira alirudishwa kwenye barabara ya nchi yake mwenyewe, ile inayopita Panzi na Nyangezi na kuporomoka mteremko wa Ngomo.

Nilipita huko Aprili 2021, mvua zikiwa zimekolea.

Anayefikiria safari hiyo aanze na hesabu ya viti. Noah inauzwa kwa abiria kumi: wawili kando ya shofere, wanne katikati, wanne nyuma, na mizigo juu ya paa imefungwa kwa kamba za mpira. Mwaka ule kiti cha mbele kilikuwa dola 15, cha nyuma 12, na usidhani aliyelipa 15 anakaa peke yake. Beba franka za chenji, maana njiani kila mtu anadai franka na hakuna anayerudisha. Beba dola zisizo na jeraha. Noti iliyochanika hata upana wa ukucha hakuna atakayeipokea, na ubishi wake utawakalisha pakingi nusu saa. Barakoa zetu zilikaa kidevuni na kupanda puani tulipokaribia barieri tu, yaani kizuizi cha ukaguzi. Redio ilituhubiria tukae mbali mbali, na mpaka ukafungwa ili watu wasiambukizane, halafu abiria ambao kwenye lami ya ng'ambo wangekaa kila mtu na kiti chake wakasukumwa kumi kumi ndani ya gari lililofungwa vioo kwa sababu ya mvua. Aliyepanga vile sidhani kama aliwahi kupanda Noah.

Mpaka Nyangezi hakuna cha kusimulia. Baada ya hapo barabara inaanza kudai heshima. Ziwa Kivu, la Bukavu, liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, Tanganyika, la Uvira, liko 770 na kitu. Karibu mita 700 hizo lazima uzishuke mahali fulani, na sehemu kubwa unaishukia Ngomo, kwenye njia ya udongo iliyochongwa ubavuni mwa mlima, ukuta upande mmoja, korongo upande wa pili, na upana ambao kwenye kona nyingi ni wa gari moja.

Shofere anayeijua Ngomo utamtambua kabla hajaanza kushuka. Anasimama juu, anazunguka gari, anapiga teke kila tairi, anajaribu breki mara mbili tatu, kisha anaingiza gia ya kwanza na kuiacha humo humo. Injini inalia, abiria wanalalamika kwamba tunatembea kama maiti, na yeye hajibu. Anajua kwamba anayeshuka kwa gia kubwa akiegemea pedali anazipasha breki moto. Kwanza inakuja harufu ya kitu kinachoungua, halafu mafuta ya breki yanachemka, povu linaingia kwenye mirija, pedali inazama mpaka sakafuni na gari haliko tena mikononi mwake. Ukisikia harufu hiyo, mwambie asimamishe gari, na msishuke na jagi la maji kwenda kumwagia magurudumu. Chuma cha moto kikipata maji baridi kinapasuka. Mnangoja tu, hata kama giza linakuja na, kama mwaka ule wa korona, saa za kutotoka nje usiku zinakaribia.

Sisi hatukusimamishwa na breki zetu. Tulisimamishwa na Fuso ya mtu mwingine, iliyokuwa ikipanda kutoka Uvira na magunia ya ndagala, yaani dagaa, na madebe ya mawese. Gurudumu lake la nyuma lilikuwa limeingia kwenye mfereji wa upande wa mlima, na mkia wake umekata njia. Konvoyeri, utingo wa lori, alikuwa amechuchumaa kwenye tope na kigingi cha mti cha kimo cha mkono, kukuu, kimeng'ofolewa pembeni kwa kukanyagwa na matairi, akikisukuma chini ya gurudumu la pili kila lori lilipotikisika. Hiyo ndiyo kazi yake yote ya mlimani, na siku akichelewa nusu dakika lori linarudi nyuma na kila kilicho nyuma yake.

Kulitoa lori kama lile kuna utaratibu. Unapunguza mzigo kwanza. Asiyetaka kupakua anajidanganya. Vijana wa vijiji vya karibu walikuja wenyewe, wakakubaliana bei kwa kila gunia, wakashusha karibu nusu ya shehena na kuipanga ukingoni. Kriki, yaani jeki, ikawekwa juu ya ubao, kwa sababu juu ya tope tupu inazama yenyewe. Gurudumu likainuka, mawe makubwa yakaingizwa chini, madogo juu yake, matawi mwisho. Kisha lori lililokuwa mbele yake likafunga kebo ya chuma na kuvuta, huku watu wote wakiambiwa wakae mbali, maana kebo ikikatika inachinja. Mara ya kwanza gurudumu likayatema mawe. Mara ya pili likapanda. Saa tano zilikuwa zimekwisha. Halafu vijana wale wale wakapitisha kofia kwenye magari yote yaliyongoja, yetu ikiwemo, kwa madai kwamba wametutengenezea njia. Tulilipa tukinung'unika, na kwa kweli hakuna mwingine aliyekuwa ameitengeneza.

Ndani ya saa tano hizo ndipo nilipojua kwamba mama wa kiti cha katikati hakuwa anakwenda Uvira. Alikuwa anashukia Kamanyola kumchukua mwanawe wa miaka sita. Mtoto alikwenda kwa nyanya yake Bugarama wiki ileile ambayo mpaka ulifungwa, akae siku kadhaa tu, na mwaka mzima ukapita.

Mama alikuwa na faili la plastiki, na karatasi zake alinionyesha moja moja: cheti cha kuzaliwa cha mtoto kilichotolewa Bukavu, kopi ya kadi yake ya mpiga kura, kopi ya kadi ya baba, barua ya shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, yenye muhuri, kadi ya chanjo za utotoni. Faili zuri kuliko ya wafanyabiashara wengi. Kosa halikuwa kwenye karatasi. Tangazo la Rwanda la Machi 2020 lilifunga mipaka isipokuwa kwa shehena, na kwa raia wa Rwanda na wakazi halali wanaorudi, ambao waliwekewa karantini ya siku 14. Lisome ukiwa mzazi. Mama ni Mkongomani, kwa hiyo hawezi kuingia kumfuata mtoto. Mtoto ni Mkongomani, anarudi kwao, na kumzuia hakuna maana, lakini mtoto wa miaka sita havuki daraja peke yake. Nyanya ni mkazi wa ng'ambo. Akimsindikiza mpaka upande wetu atakuwa ametoka nchini, na akigeuka tu anahesabiwa msafiri anayeingia, na karantini yake. Kila sheria ukiipima peke yake ina sababu. Ukizipanga zote tatu kwenye daraja moja, mtoto hana mkono wa kumshika.

Njia ya kutatua jambo la namna hii ilikuwepo tayari, nayo ilibuniwa kwa ajili ya malori. Mei 2020, Rusumo, kwenye mpaka wa Tanzania na Rwanda, madereva walitakiwa kupokezana: wa kigeni anashuka, wa ndani anapanda, shehena inaendelea. Madereva waligoma na kulalamika, lakini wazo lilikuwa limeshaandikwa, kwamba kitu kinaweza kupita mpakani bila watu wa pande mbili kuchanganyika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaweka mpaka mfumo wa simu wa kufuatilia dereva na cheti chake cha kipimo. Kwa simenti na mafuta akili ilifanya kazi haraka. Kumpokeza mtoto katikati ya daraja, nyanya asivuke mstari na mama asivuke mstari, mtu wa afya akishika termoflash, kipima joto, hakukuhitaji hata simu.

Tulifika Kamanyola kabla giza halijaingia. Ng'ambo ya Ruzizi unaliona bonde la Bugarama na mashamba yake ya mpunga. Shofere, Mungu ambariki, alikubali kungoja. Afisa mmoja wa barieri alilipokea faili, akalisoma lote kwa makini, akalirudisha.

“Mama, hapa vinapita vitu. Mtoto hana fomu.”

“Papa, lori lile lina fomu?”

“Ndiyo, mama. Lori lina fomu.”

Hakuwa mkali, na hakuomba kitu. Alimwambia alete barua kutoka juu, na juu maana yake ni Bukavu, kule tulikotoka, kupitia Ngomo. Lori la simenti lilipita wakati tunazungumza. Mama alitafuta chumba cha kulala hapo hapo, na sisi tukaendelea kupitia Luvungi na Sange.

Uvira nilifanya kilichonipeleka. Joto, mbu, na mikeke, samaki wa ziwa lile, ya kuchoma iliyopanda bei. Huko nako lugha ilikuwa ileile, jina la mpaka tu ndilo tofauti: Gatumba. Burundi nayo ilikuwa imefunga, na haikufungua upande ule mpaka Juni 2021, kwa kipimo cha kulipia ambacho muuza nyanya hawezi kukilipa na bado abaki na faida. Mafuriko ya Aprili 2020 yaliyobomoa nyumba na madaraja ya Uvira yaliwakuta watu wenye ndugu Bujumbura, mwendo mfupi tu kwa gari, wakiwa hawawezi kuwakimbilia. Sisi wa maziwa haya tuna jumuiya ya nchi tatu, CEPGL ile ile, tangu 1976, yenye makao yake Gisenyi. Tuna mtambo wa umeme wa Ruzizi ya pili ambao Burundi, Rwanda na Kongo wanaumiliki pamoja, na umeme wake haukukosa kuvuka hata usiku mmoja kwa kukosa cheti. Wakati wa ugonjwa kila nchi ikaandika tangazo lake peke yake, kana kwamba Kamembe na Bukavu ziko mabara mawili.

Sisemi mpaka ungeachwa wazi. Sisi tumeishi na Ebola jirani tangu 2018, kunawa klorini na kupimwa joto hatukufundishwa na korona. Ninachosema ni kwamba kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, baada ya shehena, mstari wa pili ungekuwa watoto waliotengana na wazazi, wa tatu wagonjwa wenye barua ya hospitali, wa nne wanaokwenda kuzika. Kwa kipimo kilekile cha dereva. Idadi yao haifiki ile ya madereva, na wengi wangevuka mara moja tu.

Nikirudi niliuliza habari za yule mama kwenye mgahawa wa Kamanyola, maana mji ule hauna siri. Mtoto alikuwa ameshavuka. Familia moja ya Kikongo iliyokuwa imekwama Rwanda ilikuwa inarudishwa nyumbani kwa orodha, na mtu akashauri jina la mtoto liongezwe humo. Akaandikwa chini ya watoto wa watu wengine, akashikwa mkono na mwanamke asiyemjua, akapokelewa upande huu na mama yake mwenye cheti. Gharama ilikuwa simu nyingi, kopi nyingi, usiku kadhaa wa chumba, na “soda” za hapa na pale ambazo hakuna aliyenitajia kiasi chake.

Kwa mzazi atakayejikuta hapo siku nyingine, maana magonjwa hayajaisha na mipaka hufungwa hata kwa sababu nyingine: anza na orodha ya wanaorudishwa, usianze na barieri. Ulizia nani anaiandika, upande ule na upande huu, na jina la mtoto liandikwe sawa na lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi, maana Mushagalusha na Mushagarusha mbele ya afisa aliyechoka ni watoto wawili. Idhini ya mzazi asiyekuwepo iwe na sahihi, muhuri na kopi ya kitambulisho chake. Hutakiwa hata siku za amani mtoto anapovuka na mzazi mmoja. Mpe aliye na mtoto kopi kamili, si picha kwenye simu, maana betri huisha. Na ukipita Ngomo kwenda kuzifuatilia, lipa kiti cha mbele.