Ping, FPS na RPG: maneno yanayowachanganya wanaoanza gemu

Gemu ikikwama, wengi hapa Goma hulaumu simu haraka. Tazama kwanza namba ya ping pembeni mwa skrini: ni muda, kwa milisekunde, ambao ujumbe wa simu yako huchukua kufika kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali inayoendesha gemu, na kurudi. Chini ya 60, mchezo unateleza. Ikipita 200, unampiga risasi mtu ambaye ameshaondoka pale. Hiyo ndiyo lag. Mbaya zaidi ni ping inayorukaruka, 80 kisha 400, maana mkono hauwezi kuizoea. Zima programu zinazojisasisha kimyakimya, nazo zinakula mega zako.

Ping ikiwa nzuri lakini picha inakatakata, tatizo ni FPS, yaani idadi ya picha kwa sekunde. Kwa 60, picha mpya inakuja kila milisekunde 17 hivi. Kwa 30, kila 33. Simu ikipata joto hujipunguzia nguvu yenyewe, kwa hiyo vua kava, shusha grafiki, na usicheze ikiwa kwenye chaji.

Herufi hizohizo, FPS, ni pia jina la aina ya gemu: ya risasi, ukiona kwa macho ya mhusika, mikono na bunduki tu. Gemu ya Free Fire kwa kawaida inakuonyesha mgongo wa mhusika, kwa hiyo si FPS; iite battle royale: watu kama 50 wanashuka kisiwani, eneo salama linazidi kubana, anabaki mmoja au kikosi kimoja.

Na RPG, neno ambalo kwetu Kivu linakumbusha silaha, kwenye gemu ni mchezo wa kumkuza mhusika, daraja kwa daraja.