Roboti na kovu la mgongoni

Shangazi yangu aliondolewa titi la kushoto kwa sababu ya saratani, na kwa kuwa mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, amekuwa akiniuliza iwapo roboti ingeweza kumtengenezea titi jingine. Namjibu hapa, maana swali hilo analo si yeye peke yake.

Roboti haipasui kwa akili yake. Mfumo wa da Vinci, ulioidhinishwa Marekani mwaka 2000, ni mikono ya chuma inayofuata vidole vya daktari aliyeketi pembeni, akitazama ndani ya mwili kwa kamera inayokuza.

Mwaka 2012 Dkt. Jesse Selber na wenzake wa MD Anderson, hospitali ya saratani iliyoko Houston, Marekani, walichapisha taarifa ya kuutoa kwa njia hiyo msuli mpana wa mgongo, ambao hutumika kutengenezea titi. Kwa kawaida mgongo hupasuliwa, na mgonjwa hubaki na kovu refu. Kwa roboti, daktari huingilia kwenye mkato mfupi wa kwapani na matundu madogo ya ubavuni, hupuliza gesi ili apate nafasi, kisha huubandua msuli taratibu bila kukata mishipa inayoulisha damu, na kuupitisha kwapani hadi kifuani.

Hapa shangazi anisikilize vizuri: kinachotolewa ni msuli mtupu, hauna ngozi. Humfaa zaidi mwanamke ambaye ngozi ya titi lake ilihifadhiwa, kwa mfano ili msuli ufunike kipandikizi cha silikoni. Yeye kifua chake ni bapa na ngozi imekakamaa kwa mionzi. Anahitaji ngozi mpya, nayo ikikatwa mgongoni, kovu litakuwapo tu, roboti iwepo isiwepo.

Kwake naona afadhali ngozi na mafuta ya chini ya kitovu yahamishiwe kifuani. Huko roboti inaweza kuifuata mishipa ya damu kutokea ndani ya tumbo, hivyo utando mgumu unaoshikilia misuli ya tumbo hukatwa kidogo zaidi, kwa matumaini kwamba tumbo halitalegea wala kupata ngiri. Kovu lake la upasuaji wa uzazi kwa kawaida halizuii njia hii, ila daktari atataka kwanza kuiona mishipa hiyo kwa kipimo cha CT, yaani picha za eksirei zinazoonyesha ndani ya mwili tabaka kwa tabaka.