Nilivyokata kaboni kwenye karakana ya watu wengi bila kuwalisha wenzangu vumbi

Bamba la nyuzi za kaboni lenye unene wa milimita 3 halina ubishi mkubwa kwenye msumeno. Kazi iko kwenye ule unga mweusi unaobaki. Nilikuwa nahitaji mikono na mabamba ya katikati ya fremu ya droni, na karakana ninayoitumia ni ya watu wengi: jirani yangu wa karibu ni dada anayetengeneza bodi za vifaa vya umeme, mbele yake kuna kompyuta inayoendesha ruta, mashine ya kukata kwa biti (kisu kinachozunguka), na upande wa mbao watu hupita muda wote bila barakoa. Kanuni ya pale ilikuwa fupi: kaboni hairuhusiwi.

Sikutaka kubishana na kanuni hiyo kabla ya kuielewa. Habari ya mapafu nilikuwa naijua. Unyuzi mmoja wa kaboni una kipenyo cha mikromita 5 hadi 10, na unapokatwa huruka pamoja na unga ulio laini zaidi wa resini, ile gundi ngumu inayoshikanisha nyuzi. Unga huo ndio unaoingia ndani kabisa ya kifua. Nyuzi zenyewe huwasha ngozi na kuumiza macho. Kilichonifungua macho zaidi ni umeme. Nilichukua multimita, kifaa cha kupimia umeme, nikagusisha ncha zake mbili kwenye ukingo uliokatwa wa kipande kimoja. Kifaa kikalia, kikaonyesha omu chache tu, yaani umeme unapita. Kwenye uso wa juu unaong'aa, palipofunikwa na resini, hakikusoma kitu. Nikakwaruza resini kidogo kwa msasa, nikapima tena, kikalia. Dada wa bodi alikuwa anaangalia. Akaniuliza, "Sasa kaka, huo unga ukitua kati ya miguu ya chipu zangu itakuwaje?"

Swali lake ndilo lililopanga kazi yangu yote. Barakoa inanikinga mimi peke yangu. Vumbi likishapaa linakuwa la kila mtu na la kila feni ya kompyuta iliyo ndani ya nyumba. Kwa hiyo nilimfuata mzee anayesimamia karakana nikamwambia: naomba nikate ndani ya maji, na nikimaliza wewe ndiye ukague. Akakubali nijaribu siku isiyo na watu wengi.

Nilichukua beseni bapa la plastiki, nikalifunga kwenye meza ya ruta, nikaweka ndani yake ubao wa plastiki wa kukatia, ili biti ikipenya chini iuchimbe huo badala ya beseni. Bamba nikalikaza juu yake kwa skrubu, kwenye sehemu ambazo zingekuwa taka. Gundi ya tepu sikuiamini ndani ya maji. Maji yalilifunika bamba kwa milimita chache tu, kwa sababu yakizidi, biti inayarusha huku na huku. Nikaongeza tone la sabuni ya vyombo. Tone hilo ni dogo lakini lina maana kubwa: bila sabuni unga mwingi huelea juu kama utando, na maji yakikauka pembeni mwa beseni unabaki pale ukingoja upepo. Kwa sabuni, unga unalowa na kuzama.

Biti iliyofaa ni ya kabaidi ya tangsteni yenye meno madogo yaliyochongwa mshazari pande mbili. Biti za chuma cha kawaida huwa butu upesi sana kwenye kaboni, na biti butu haikati, inasugua. Msuguano unaleta joto, resini inalainika, matabaka yanaanza kubanduka na nyuzi zinachomoza kama manyoya. Nilikata kwa hatua ndogondogo za kina, na maji yakawa yanapoza. Ukisikia harufu ya resini kuungua, simamisha mashine hapo hapo, ubadilishe biti.

Kuna jambo halina mjadala: mashine ya mkononi inayotumia umeme wa ukutani haikai karibu na beseni. Mikato iliyonyooka niliifanya kwa msumeno wa mkono, nikinyunyiza maji kwenye mstari. Matundu niliyatoboa bamba likiwa limebanwa katikati ya vipande viwili vya mbao, nikipunguza nguvu biti inapokaribia kutokea upande wa pili, maana hapo ndipo nyuzi hupasuka. Kingo nilizilainisha kwa msasa wa maji, namba 240 kisha 400, na zilipokauka nikazipaka supagluu nyepesi ili zisiendelee kutoa nyuzi. Glavu, miwani na barakoa ya P3 (daraja la juu la kuchuja vumbi laini) yenye mpira unaokaa vizuri usoni sikuvivua hata wakati wa maji. Barakoa ya kitambaa huachia hewa pembeni, haifai kabisa.

Usafi ulichukua muda mrefu kuliko kukata, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Upepo wa kompresa ni marufuku, ufagio ni marufuku. Kifyonza vumbi cha nyumbani nacho hapana: chujio lake hupitisha vumbi laini, likarudi hewani au likaingia kwenye mota, na tayari tumeona kaboni inavyopitisha umeme. Nilitumia vitambaa vilivyolowa, nikifuta kuelekea upande mmoja na kukunja kila mara. Maji ya beseni niliyaacha yatulie hadi asubuhi, nikayachuja kwenye kitambaa kizito, nikatia tope na vile vitambaa kwenye mfuko na kuufunga vikiwa bado vimelowa. Tope likiachwa likauke, unarudi pale pale ulipoanzia. Aproni iliingia mfuko wake, ikafuliwa peke yake.

Kisha mzee akaja na kitambaa cheupe chenye maji. Akafuta meza ya dada wa bodi, akafuta matundu ya hewa ya kompyuta, akafuta juu ya rafu ambako mimi nisingefikiria kufuta. Kitambaa kilitoka na vumbi la mbao la kawaida, weusi wa kaboni haukuwepo. Nilifurahi kuliko nilivyofurahia fremu yenyewe.

Sasa tangazo la ukutani limebadilishwa: kaboni inakatwa kwa maji tu, iliyokwisha kukauka kabisa resini yake, na aliyekata haondoki kabla ya ukaguzi wa kitambaa. Grainda kavu bado hairuhusiwi ndani, na naunga mkono. Beseni nimeliacha pale na ubao wake. Biti kila mtu anakuja na yake.